Vitufe vya Padi ya Gemu: Tuvielewe Kwanza
(Mazungumzo kwa wazazi na vijana, Kanyakine)

 

Leo tuongee juu ya ile padi ambayo watoto wanashika kwenye vyumba vya gemu. Mtoto ametumwa chumvi, anarudi jioni bila chumvi na bila chenji. Tunamgombeza, lakini hatumuulizi lolote la maana kwa sababu hatujui alikuwa akifanya nini. Basi tumeleta padi moja hapa. Ipitisheni mkononi, msiogope, haiumi.

Kushoto kuna mishale ya kwenda juu, chini na kando. Vile vijiti viwili vya kuzungusha kwa vidole gumba vilikuja mwaka 1997. Siku hizi mchezaji wa mpira anaendeshwa na kile cha kushoto. Kulia ndiko kwenye kazi: pembetatu, duara, msalaba na mraba. PlayStation ilipotoka Japani mwaka 1994, aliyechora alama hizo, Teiyu Goto, alikuwa na maana yake. Pembetatu ni kichwa cha mtu, yaani upande anaotazama. Mraba ni karatasi. Duara ni ndiyo, msalaba ni hapana. Lakini Marekani na Ulaya waligeuza, msalaba ukawa ndiyo, na tangu PlayStation 5 ya mwaka 2020 hata Wajapani wanafuata hivyo. Kwa hiyo hata wakubwa huko walichanganyikiwa, si sisi peke yetu.

Sasa mpira. Katika FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, ukiwa na mpira msalaba ni pasi fupi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza, mraba ni krosi, duara ni shuti. Ukipoteza mpira, kitufe ni kilekile lakini kazi nyingine: duara ni kunyang'anya umesimama, mraba ni kuteleza chini. Mtoto asiyejua anafinya mraba ndani ya boksi lake, anamwangusha mtu, penalti!

Halafu kuna PES, ambayo tangu 2021 ni eFootball. Hapo shuti ni mraba, na duara ni mpira mrefu. Mnaona taabu? Kijana aliyezoea moja akiketi kwenye nyingine, yuko mbele ya goli peke yake, anafinya duara, mpira unapaa kama krosi. Na kama wamekubaliana aliyeshindwa alipe, huyo mdogo atalipa mechi hii, na inayofuata, na nyingine ya kurudisha zile za kwanza. Hapo ndipo pesa ya chumvi inapoishia.

Nyinyi vijana wenye vyumba, mnajua kwamba kwenye menyu vitufe vinaweza kupangwa upya. Mwonyesheni mgeni kabla ya kuchukua shilingi zake, na mtoto mdogo msimwekee mkubwa wa kumla.

Nasi wazazi, leo jioni tumuulize mtoto: ulicheza gemu gani, na shuti ni kitufe kipi? Akishangaa umejuaje, mwambie akae chini akueleze vizuri, pamoja na nani alilipa.

Haya, mama uliye hapo mbele, padi imekufikia. Finya msalaba. Naam, hiyo ni pasi. Mpe baba naye ajaribu.