Tuhesabu Nini? Maneno juu ya Mama Wazazi na Watoto Wachanga



Siku ya yubile watu hupenda kuhesabu: makanisa mangapi, shule ngapi, vitanda vingapi vya wagonjwa. Hesabu hiyo ni njema. Lakini je, yatuambia kama mama na mtoto wake wamerudi nyumbani wazima?

Itazameni nchi yetu ya Tanzania. Katika uchunguzi wa mwaka 2015-16, katika kila watoto 100, 63 walizaliwa mahali pa matibabu. Katika ule wa mwaka 2022, 81. Twashukuru. Lakini vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilikuwa 25 katika kila 1,000 waliozaliwa hai, kisha vikawa 24. Basi kuufikia mlango wa hospitali siko kupona.

Sasa sikieni habari za Haydom, hospitali ya Kilutheri katika nchi ya Mbulu. Mwaka 2010 wakunga walifundishwa siku moja jinsi ya kumsaidia mtoto azaliwaye bila kupumua: kumkausha, kumsugua mgongo, na kumtia pumzi kwa mfuko wa hewa kabla dakika ya kwanza haijapita. Baada ya miezi saba wakapimwa kwa mwanasesere, wakafanya vizuri. Kama hesabu ingaliishia hapo, wote wangalifurahi. Lakini walikuwako watu chumbani mwa kuzalia, wakitazama saa na kuandika, wakaona ya kuwa kwa watoto wenyewe kazi haikubadilika. Wala hawakulificha neno hilo. Wakunga wakaanzishiwa mazoezi mafupi, dakika chache tu, mara kwa mara, papo hapo kazini. Ndipo vifo vya siku ya kwanza vikapungua kutoka 11.1 hata 7.2 katika kila 1,000.

Walimu, mwayajua haya: ajuaye darasani huenda asiweze kazini, na ujuzi usiozoezwa hupotea. Nanyi wazee, mkiletewa habari za kazi njema, msiulize tu, "Wamefundishwa wangapi?" Ulizeni, "Wameishi wangapi?" Tena waandikeni waliokufa, hata yule aliyekufa kabla ya kupewa jina. Maana asiyeandikwa, hapana atakayeuliza kwa nini alikufa. Na tusipouliza, mwingine atamfuata kwa njia ile ile.