Daftari la Kompyuta na Karani Wake

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima)

  Mwalimu wa darasa, tafadhali uwe na chaki tayari, maana tutachora majedwali mawili ubaoni.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tutazungumza juu ya daftari lililomo ndani ya kompyuta, na juu ya karani anayelihudumia. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: hata karani akiwa hodari namna gani, mwenye daftari hana budi kulijua daftari lake.

Nianze na kosa letu wenyewe. Zamani kidogo nilifanya kazi katika ofisi moja iliyoshughulika na madarasa ya kisomo. Tulikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na majina ya waliojiandikisha, na vijiji vyao. La pili lilikuwa na majina ya waliofanya mtihani, na vijiji vyao tena, na alama zao. Siku moja mama mmoja alikuja kutoka upande wa Mlalo kuchukua cheti chake. Tukamtafuta, tusimwone. Akarudi mikono mitupu. Juma la pili akaja tena, na safari hii akaomba aangalie mwenyewe. Akaweka kidole juu ya karatasi, akasoma polepole, mstari kwa mstari. Kisha akasema, “Mwanangu, huyu ni mimi. Na huyu hapa pia ni mimi.” Jina lake lilikuwa limeandikwa kama neno moja katika daftari la kwanza, na kama maneno mawili katika la pili. Sisi wenye diploma hatukuliona jambo hilo. Aliliona yeye, aliyejifunza kusoma mwaka ule ule.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Tuliandika habari za mtu mmoja mahali pawili, kisha tukategemea jina peke yake liziunganishe.

Dawa ya kosa hili ilielezwa vizuri mwaka 1970 na mtaalamu mzaliwa wa Uingereza, Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, Marekani. Alisema habari ziwekwe katika majedwali ya kawaida, na kila mstari uwe na kitu cha kuutambulisha usichanganywe na mwingine. Mwalimu, chora sasa. Majina haya ni ya mfano tu.

WANAFUNZI
Namba 1: Halima, kijiji cha Mtae
Namba 2: Yohana, kijiji cha Lukozi

ALAMA
Mwanafunzi namba 1: Kusoma, 72
Mwanafunzi namba 1: Hesabu, 65
Mwanafunzi namba 2: Kusoma, 58

Tazameni jedwali la pili. Halina jina wala kijiji, lina namba tu. Ukitaka kujua mwenye alama 65, unashika namba 1 na kurudi nayo kwenye jedwali la kwanza. Halima akihama kijiji, utasahihisha mahali pamoja tu. Namba ndiyo inayoyahusisha majedwali haya mawili, na daftari la kompyuta lililopangwa hivi huitwa hifadhidata ya uhusiano. Ina lugha yake ya kuuliza maswali, iitwayo SQL, iliyoanza huko huko IBM katika miaka ya 1970.

Sasa tuje kwa karani. Mtu anayeandika programu hutumia lugha nyingine, kama Java au Python. Katika lugha hizo anapenda kumwona mwanafunzi kama furushi moja: jina lake, kijiji chake na alama zake zote zimefungwa pamoja. Lakini daftari halina mafurushi. Lina mistari tu, tena katika majedwali mbalimbali. Hapana budi awepo mtu wa kati, wa kuchukua mistari na kuifunga furushi, kisha kulifungua furushi na kurudisha kila mstari mahali pake.

Hapo kwanza waandishi wa programu waliifanya kazi hiyo kwa mkono, na ilichosha. Wengine wakaiandika mara moja ili wenzao waitumie tayari. Kazi ya namna hiyo iliyokwisha tengenezwa huitwa maktaba, ingawa si nyumba ya vitabu. Kwa lugha ya Java ipo maktaba iitwayo Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Kwa lugha ya Python ipo SQLAlchemy, iliyotokea mwaka 2006. Maktaba hizi ndizo ninazoziita karani.

Msidhani mambo haya yako mbali nasi. Katika zahanati zetu wauguzi huandika vitabu vya MTUHA, kisha hesabu za mwezi hupelekwa katika programu iitwayo DHIS2. Programu hii iliundwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na katika miaka ya 2010 ilienezwa mikoa yote ya Tanzania Bara. Imeandikwa kwa Java, na ndani yake karani ni yule yule Hibernate. Basi mtoto akichanjwa hapa Usambara, hesabu yake hupitia mkononi mwa karani huyu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme darasa lina wanafunzi 60, nawe wataka orodha ya majina na alama zao. Programu yako inasema, “Nipe wanafunzi.” Karani anakwenda kwenye daftari, anarudi na majina 60. Kisha programu inamshika mwanafunzi wa kwanza na kuuliza, “Alama zake ziko wapi?” Karani anakwenda tena. Wa pili je? Anakwenda tena. Hesabuni: safari 1 ya majina, na safari 60 za alama, jumla safari 61.

Ni kama kumtuma kijana kutoka Lushoto kwenda dukani Mombo. Anashuka kona zote zile kupitia Soni, ananunua chumvi, anapanda mlima. Unamwambia, “Sasa lete kiberiti.” Anashuka tena. Kijana hana kosa. Amefanya kama alivyotumwa. Kosa ni la aliyemtuma bila orodha.

Daftari lenyewe laweza kuwa Dar es Salaam, nawe uko bondeni ambako mtandao ni dhaifu. Kila safari ikichukua nusu sekunde, safari 61 ni sekunde 30 na nusu. Ukimwambia karani tangu mwanzo, “Leta wanafunzi pamoja na alama zao,” ataweza kumaliza kwa safari moja au mbili, yaani sekunde moja au pungufu. Hila ya kosa hili ni kwamba halionekani mapema. Ukijaribu kwa wanafunzi watatu, na daftari likiwa mezani pako, mambo huenda vizuri. Taabu huanza darasa likijaa na watu wakiwa foleni.

Utalitambuaje? Maktaba hizi zina njia ya kuonyesha kila sentensi ya SQL ambayo karani anapeleka. Ifungue njia hiyo, uweke kidole, usome mstari kwa mstari, kama alivyofanya yule mama. Ukiona swali lile lile linarudiwa mara 60, na namba tu ndiyo inayobadilika, umekwisha kulikamata.

Jambo la mwisho ni fupi. Ukimhamisha mwanafunzi kutoka darasa moja kwenda jingine, kuna kufuta na kuna kuandika. Umeme ukikatika katikati, mtu aweza kupotea katika madarasa yote mawili. Kwa hiyo mwambie karani ayafanye mambo hayo mawili kama jambo moja, na ayathibitishe pamoja mwishoni: ama yote yaandikwe, ama lisiandikwe hata moja.

Yule mama alipata cheti chake. Tangu siku ile sikuona tena haya kusoma mistari polepole.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu katika daftari?
2. Darasa lina wanafunzi 25. Karani asiyepewa orodha atakwenda safari ngapi?
3. Chama chenu kina madaftari gani? Je, kuna habari iliyoandikwa mahali pawili?