Mfumo Endeshi wa Usalama Katika Kompyuta ya Gemu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, Kibiti



Tunawashukuru kwa kuitikia wito, hasa ninyi mliopanda mashua kutoka vijiji vya delta ya Rufiji kuja hapa. Mada yetu inatokana na swali tunaloulizwa na vijana wenye maduka ya steshenari, mawakala wa fedha na makatibu wa vyama vya ushirika: je, mtu akinunua kompyuta mpakato ya gemu na kuiwekea mfumo endeshi wa usalama kama Qubes OS, kazi yake itakuwa salama? Jibu letu ni kwamba inawezekana, lakini si kwa kila mtu, na fedha ya msimu wa korosho au ufuta isitoke mfukoni kabla ya kupima.

Kinacholindwa

Kompyuta ya katibu wa chama hubeba majina ya wakulima, namba za akaunti zao na kilo walizofikisha ghalani. Kompyuta ya steshenari hupokea flashi ya mwalimu asubuhi na ya mtendaji wa kijiji mchana. Flashi moja yenye virusi yatosha kueneza maradhi ofisi hadi ofisi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Tena, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 mfumo wa Windows 10 umekoma kupata masasisho ya kawaida ya usalama bila malipo, na kompyuta nyingi zilizotumika bado zinauzwa zikiwa nao.

Namna mfumo huu unavyofanya kazi

Qubes OS ilitolewa kwa mara ya kwanza kama toleo kamili mwaka 2012 na kundi lililoongozwa na mtaalamu wa Poland, Joanna Rutkowska. Hailipiwi. Ifananisheni na nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba na mlango wake. Kazi za benki zina chumba chake, barua pepe chumba chake, na flashi ya mteja hupokelewa katika chumba cha pembeni. Faili linalotiliwa shaka hufunguliwa katika chumba cha muda, nacho hubomolewa kazi ikiisha. Mwizi akiingia chumba kimoja, hajapata nyumba nzima.

Mambo matano ya kupima

Kwanza, uwezo wa mashine. Mfumo huu unahitaji RAM ya GB 6 kwa uchache, na GB 16 ndiyo inayopendekezwa. Prosesa nayo iwe na uwezo wa kuendesha mashine pepe na kuvitenga vifaa. Hapa kompyuta ya gemu ina sifa njema, kwa kuwa mara nyingi ina prosesa yenye nguvu na RAM inayoongezeka.

Pili, kadi ya grafiki. Kadi kubwa ya NVIDIA, ambayo ndiyo iliyopandisha bei ya kompyuta hiyo, ndiyo hiyo hiyo iletayo usumbufu. Skrini yaweza kuwa nyeusi wakati wa kusakinisha, kompyuta yaweza isiamke baada ya kulala, na projekta yaweza isionyeshe kitu. Zaidi ya hayo, vyumba vya Qubes kwa kawaida havipewi nguvu ya kadi hiyo. Kwa hiyo gemu zitakwama au zitakataa kabisa. Anayetaka gemu na ulinzi huu kwa pamoja atakuwa amelipia nguvu asiyoitumia.

Tatu, umeme. Chaja za kompyuta hizi mara nyingi ni za wati 180 hadi 230, au zaidi. Kijiji kinachotegemea paneli ndogo ya jua na inveta ya wati 150 hakiwezi kuhimili mzigo huo. Qubes nayo huendesha mifumo kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo betri huisha mapema.

Nne, bando. Faili la kusakinishia huzidi GB 5, na kila sasisho hudai data zaidi. Lipakueni kutoka tovuti rasmi tu, na sahihi yake ya kidijiti ihakikiwe kabla ya kusakinisha.

Tano, nywila. Diski yote husimbwa. Nywila ikisahaulika, hakuna fundi atakayerudisha kumbukumbu za chama. Nakala ya akiba iwekwe mahali pengine, palipo pakavu; mafuriko ya Aprili 2024 yametufundisha kwamba maji hayachagui nyumba.

Ushauri wetu

Kwa walio wengi, kompyuta ya kawaida ya ofisini inatosha, ikiwa na mfumo unaopokea masasisho, diski iliyosimbwa, akaunti tofauti kwa kila mtumiaji na nakala za akiba. Steshenari iwe na kompyuta moja ya kupokelea flashi za wateja, isiyohifadhi taarifa za fedha. Mwenye sababu ya kutumia Qubes aangalie kwanza orodha ya kompyuta zilizojaribiwa, iliyo katika tovuti ya mfumo huo, na achague yenye grafiki za Intel.

Mnaponunua, iwe Kariakoo au hapa Kibiti, ombeni kuijaribu mashine kabla ya kulipa, daini risiti ya kielektroniki, na dhamana iandikwe. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Mwisho, hakuna mfumo endeshi unaoweza kumzuia mtu kutoa namba yake ya siri kwa hiari. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hauvunji mlango wowote. Hubisha hodi, nasi tukafungua. Ukiupata, usijibu; upeleke kwenda namba 15040. Piga pia *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

 Sasa tunakaribisha maswali.