Anayemtunza Mzee Naye Ana Haki



Husemwa mara kwa mara kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Maneno hayo ni ya fahari, na kwa sehemu kubwa ni ya kweli. Lakini ni nani hasa anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa wa kiharusi kitandani, akamwosha na kumnywesha uji? Katika nyumba nyingi ni mkaza mwana, au binti aliyeacha kazi yake, au msichana aliyeletwa kutoka kijijini. Wanaume wa ukoo huchanga fedha na kutoa shauri.

Hata Japani, nchi inayosifiwa kwa kuheshimu wazazi, haikuliepuka swali hilo. Kwa desturi, mzigo wa kuwatunza wakwe ulikuwa wa mke wa mtoto wa kwanza wa kiume. Bima ya utunzaji wa wazee ilipokuwa ikiandaliwa, kabla haijaanza mwaka 2000, palizuka ubishi kama jamaa wanaotunza walipwe fedha taslimu. Wanawake waliojipanga katika vyama walipinga: fedha hiyo ingekuwa kamba mpya ya kumfunga mkaza mwana nyumbani. Hivyo bima ikalipia huduma za watumishi waliofunzwa. Wajerumani, ambao bima yao ilianza kutoa huduma mwaka 1995, walishika njia nyingine. Kwao mzee aweza kuchagua fedha akampa ndugu anayemtunza, na bima humchangia ndugu huyo akiba ya uzeeni. Desturi zilitofautiana, na majibu pia. Ila kote kutunza kulihesabiwa kuwa kazi.

Kiswahili kina upole wake katika jambo hili, na upole huo una hatari. Mfanyakazi wa nyumbani huitwa "dada". Naye humwita mwajiri "mama" na mgonjwa "bibi". Hiyo ni adabu njema, wala hapana haja ya kuiacha. Lakini mwisho wa mwezi udugu huo hugeuzwa kisingizio: huyu ni mtoto wetu, anakula na kulala hapa, mshahara wa nini? Watoto wa kuzaliwa wa nyumba hiyo, saa hizo, wako shuleni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, haikiri udugu wa namna hiyo. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Watumishi wa umma na walimu huyajua sana mambo ya likizo yanapowahusu wao, na wengi wao ndio waajiri wa akina dada hao.

Siku ya mapumziko ya dada ikifika, zamu ya kumwosha bibi ni ya watoto wake mwenyewe, wa kiume wakiwamo.