Sinia la Urithi

Aghalabu maradhi yanapoingia nyumba moja, mtoto huyu hulala kitandani juma zima, ilhali nduguye anayekula naye sinia moja hupata homa ya siku mbili akainuka kwenda kucheza. Na wazee husema kila mtu na mwili wake. Neno hilo lina haki kuliko walivyodhani matabibu wengi, na miongoni mwa walioidhihirisha haki yake ni Baruj Benacerraf, aliyezaliwa Caracas mwaka 1920 na kusumbuliwa na pumu tangu utotoni.

Huko New York, katika miaka ya 1960, aliwadunga simbilisi dutu iliyoundwa maabarani, akaona wengine wameikabili kwa kinga kali na wengine wametulia kana kwamba hawakuguswa. Akafuata nasaba zao, akabaini kwamba tofauti hiyo hurithiwa kwa kanuni ya jeni moja. Hugh McDevitt alipata habari kama hiyo kwa panya, na jeni zenyewe zikaonekana zimekaa jirani na zile zinazoufanya mwili ukatae kiungo cha kupandikizwa.

Kwa nini basi jeni za ujirani huo zitawale kinga? Jawabu lilitoka Canberra, Australia, mwaka 1974, kwa Rolf Zinkernagel, Mswisi, na Peter Doherty, tabibu wa mifugo. Walizitwaa seli T, askari wanaofundwa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani, kutoka kwa panya aliyeambukizwa virusi, nazo zikaziua seli zenye virusi za panya wa nasaba yake. Lakini zilipoletewa seli za panya wa nasaba ngeni, zenye virusi vile vile, ziliziacha salama. Kumbe seli T haimtambui adui mzima mzima: humtambua akiwa amekatwa vipande, na kipande kimepakuliwa juu ya protini ya mwenye mwili, mfano wa kitoweo juu ya sinia. Jeni za masinia hayo, ndizo zile zile za kukataa kiungo, kwa binadamu zimo katika kromosomu ya 6, na kwa kuwa kila sinia lina bonde la umbo lake, kipande kinachotulia katika langu pengine kitateleza katika lako. Mfano huu ni wa jikoni, nakiri. Ila mwaka 1987 picha za eksirei zililionyesha bonde lenyewe, na ndani yake kitu kimelala.

Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kurithi masinia yale yale kamili. Kwa hiyo tabibu amtafutiaye mgonjwa uboho wa kupandikizwa, ambao mwili usiukatae, huanza kwa kuwapima ndugu zake.