MVUA NA GWARIDE

(Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Kamati ilinitaka nizungumze juu ya kazi ya utumishi wa serikali. Nimeona kwamba nikianza kueleza kanuni za utumishi baada ya pilau ile ya mchana, nusu yenu mtasinzia. Kwa hiyo nimechagua jambo moja dogo ambalo karibu kila ofisa wa wilaya hukutana nalo, nalo ni mvua inayokuja siku ya gwaride.

Tazameni kalenda yetu. Mapinduzi, 12 Januari, huangukia majira ya kaskazi, vuli imekwisha na masika bado. Saba Saba na Nane Nane ni wakati mkavu. Lakini Muungano ni 26 Aprili, na Mei Mosi hufuata siku tano baadaye, na kwa sisi tuliofanya kazi pwani hiyo ndiyo masika yenyewe. Uhuru, 9 Desemba, hauko mbali na mvua za vuli. Waliotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili, 1964, walikuwa na mambo mazito kuliko kumwuliza mtu wa hali ya hewa. Historia ikatupa tarehe, nasi tukapachika juu yake gwaride, bendi, halaiki ya watoto, na mgeni rasmi anayechelewa.

Wala msidhani ni mzaha. Desemba 2011 tuliadhimisha miaka 50 ya Uhuru wa Tanganyika, na hazikupita wiki mbili mvua ikaifunika Dar es Salaam, watu zaidi ya 40 wakafa, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tarehe 25 Aprili, 2024, Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kujeruhi 236. Kesho yake ndiyo ilikuwa sherehe ya miaka 60 ya Muungano katika Uwanja wa Uhuru. Tena mahali petu maarufu pa mikutano ya hadhara katika jiji hilo, kando ya mto Msimbazi, panaitwa Jangwani! Aliyepapa jina hilo nadhani alipita wakati wa kiangazi.

Sasa niwasimulie. Mwaka 2018 nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi katika wilaya moja ambayo sitaitaja. Mkesha wa sikukuu tulikutana kwa mara ya mwisho, na mjumbe mmoja akasoma utabiri: mvua kubwa, na radi, kuanzia asubuhi. Wajumbe wakasikiliza, wakatikisa vichwa, kisha tukaendelea na ajenda ya soda. Ratiba ikabaki vile vile: watoto 300 wa shule za msingi wawe uwanjani saa 12 asubuhi, mgeni rasmi afike saa 4. Hesabuni wenyewe. Mtoto wa miaka tisa, amevaa bukta na fulana, asimame saa nne akimngoja mtu atakayekuja na gari.

Mwalimu wa halaiki alikuwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu. Yapata saa 2 tukaona umeme upande wa baharini. Yule mama akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ngurumo ikasikika. Mara ya kwanza alifika 40. Mara ya tatu hakufika 25. Hapo akapuliza filimbi, akawaongoza watoto wote 300 kwenye madarasa ya shule ya jirani, bila kumwomba mtu ruhusa. Mkubwa mmoja akamkimbilia, amekasirika, akamwambia, “Mwalimu, unaharibu sherehe ya Serikali!” Akajibiwa kwa adabu, “Mzee wangu, sherehe ni ya Serikali, lakini watoto ni wa wazazi wao. Mimi nimeazimwa tu.”

Mvua ilishuka kabla hajawahesabu wa mwisho. Turubai la jukwaa kuu likajaa maji katikati likatoboka, ngoma za bendi zikalowa ngozi zikalegea, zikawa zinalia kama madebe. Askari polisi walipita mara moja kwenye tope, kwa heshima kabisa, bendera ikapandishwa, na mgeni rasmi akasoma hotuba yake darasani, akiwa amesimama chini ya jedwali la kuzidisha. Kwa maoni yangu ilikuwa hotuba nzuri, kwa kuwa ilikuwa fupi.

Lakini, ndugu zangu, radi haikupiga uwanjani. Laiti ingepiga hata mlingoti, yule mama angepewa cheti. Kwa kuwa haikupiga, alipewa barua ya kujieleza, siku saba, kwa nini alivuruga ratiba bila idhini. Ndivyo tulivyo: anayezuia jambo lisitokee hana ushahidi wa alichokizuia. Kilichomsaidia ni muhtasari wa kikao. Nilikuwa nimeandika utabiri ule neno kwa neno, na saa uliposomwa, na kwamba kamati iliusikia. Niliombwa nifupishe kifungu kile kabla ya kutia saini, nikasema muhtasari umekwisha chapwa. Barua ile ikafa kimya kimya, na mwalimu akastaafu mwaka uliofuata na mafao yake yote.

Ninyi vijana ambao mwakani mtapelekwa kwenye gwaride, jifunzeni kuhesabu kama yule mama. Sauti huenda kilometa moja kwa sekunde tatu hivi. Ukihesabu 30 kati ya umeme na ngurumo, radi iko kilometa 10, nayo yaweza kuruka masafa hayo. Chini ya hapo, ondokeni uwanjani. Msikimbilie chini ya mwembe, wala msishike nguzo za goli au mlingoti. Ingieni kwenye jengo imara, na mngoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Wapo watakaosema mvua ni baraka na askari haogopi mvua. Ni kweli, askari amefundishwa na analipwa. Marekani ni dola kubwa, lakini tarehe 21 Januari, 1985, Rais Ronald Reagan aliapa ndani ya jengo la Bunge lao na gwaride likafutwa kwa sababu ya baridi kali. Urais wake haukupungua chochote. Sheria yetu imeweka sikukuu. Haikusema halaiki ichezwe saa 4 kamili. Mimi ningependa kila kamati ya wilaya imtaje mapema mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuahirisha, aamue alfajiri akiwa na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa mkononi, kabla watoto hawajatoka nyumbani. Taarifa zenyewe sasa hutolewa kwa madaraja, angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa, kwa hiyo hakuna wa kusema hakuelewa.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, sisi wa mwaka wetu tumechanga, tumeleta kipimamvua kimoja kwa ajili ya shule. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, hata Jumapili, na kisiwekwe karibu na jengo wala mti. Mwalimu wa Jiografia amekwisha nionyesha mahali, nyuma ya bustani ya mchicha. Namwomba Mkuu wa Shule atupatie vijana wawili na daftari moja, ili Jumatatu waanze.