Saa Arobaini za Watoto Wetu

Hotuba iliyotolewa ukumbini katika maadhimisho ya mandir yetu



Nimeombwa niseme kwa Kiswahili, nami sikukataa. Wengi wetu tuliomo humu tulizaliwa Mwanza, Kisumu, Jinja na Kampala, na ijapokuwa tumezeekea hapa Ontario, bei ya kitu bado twaikadiria moyoni kwa Kiswahili. Wajukuu watatafsiriwa, wakipenda.

Nitasema juu ya saa arobaini. Kwa wanafunzi walioanza darasa la tisa mwaka 1999, na wote waliowafuata, Wizara ya Elimu ya jimbo hili yataka kila mmoja aitumikie jamii kwa saa 40 bila malipo kabla ya kupewa diploma ya sekondari. Hata awe hodari wa hesabu namna gani, saa zisipotimia diploma huzuiliwa. Huruhusiwa kuanza tangu likizo ya kiangazi kabla ya kuingia darasa la tisa. Saa 40 kwa miaka minne ni saa 10 kwa mwaka. Jumapili chache za jikoni kwetu zatosha.

Lakini nyote mwajua hali ilivyo. Mwezi Mei ukiingia, watoto wa darasa la kumi na mbili hutujia na fomu mkononi, wazazi wakiwa nyuma yao, na wazazi ndio wasemaji.

Nami nina la kukiri. Nilipokuwa katibu wa kamati, rafiki yangu wa tangu utoto aliniletea fomu ya mwanawe. Kijana alikuwa amepanga viti siku mbili za Navratri. Zilikuwa saa sita, nikimhesabia na muda wa kula. Nilitia sahihi saa 40, nikajiambia kwamba nasaidia. Miaka miwili baadaye, mwezi Novemba, akaja dada yake wa darasa la kumi na moja, akaniambia kwa adabu kabisa: "Anko, nami naomba zile saa ulizompa kaka yangu." Hakuwa na ujeuri wowote. Alidhani ndivyo mandir ifanyavyo.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Mwanza. Walikuwapo wateja wasiojua kusoma, waliomwachia yeye peke yake daftari la madeni yao, na hakuthubutu kuandika hata yadi moja ambayo hakuikata. Nami, mwanawe, niliandika saa 34 ambazo hazikufanywa, tena chini ya jina la mandir.

Nilimkatalia yule binti. Baba yake alikasirika, na Diwali mbili zimepita hatujaketi meza moja. Binti lakini alirudi. Tulimpeleka kwa ba mmoja mzaliwa wa Kisumu, aishiye peke yake na magoti hayamtii. Alimwondolea theluji vidarajani, akamsomea barua za kliniki, akamfundisha kuzungumza na wajukuu wake kwa video. Saa zilitimia mwezi Machi. Hata sasa, theluji ikianguka, ba humpigia simu yeye, hanipigii mimi.

Wazee wengine husema seva haipimwi kwa saa. Ni kweli, nami nililelewa hivyo. Shuleni Mwanza, enzi za Elimu ya Kujitegemea, tulibeba majembe na mifagio, wala hakuna aliyetuandikia muda. Lakini saa hizi zimetakwa na shule. Kwa kuwa ni sisi tunaotia sahihi, yatupasa tuwe na kazi ya kweli ya kuwapa watoto, mwaka mzima.

Mipaka ipo. Kazi ambayo kwa kawaida mtu hulipwa mshahara haihesabiwi. Kwa hiyo, wenye maduka wenzangu, msiwasimamishe watoto kaunta mkaiita huduma. Kufagia nyumbani kwao wenyewe hakuhesabiwi pia. Kuendesha gari, kutumia misumeno ya umeme na kushika vito vya thamani ni marufuku. Basi mapambo ya murti yatabaki mikononi mwa kina ben. Na kazi ikitutia shaka, aulizwe mkuu wa shule kabla haijaanza.

Kamati imekubali kuweka daftari moja. Muda wa kuingia na wa kutoka utaandikwa siku ile ile, na hakuna atakayemtilia sahihi mtoto wa nduguye. Kazi zipo: jikoni, kufungasha vyakula vya wahitaji, na majina kumi na moja ya wazee wanaohitaji mtu wa theluji na wa barua. Jumapili hii baada ya aarti, daftari litakuwa mezani karibu na rafu ya viatu. Wazazi wa watoto wa darasa la nane na la tisa ndio ninaowataka kwanza.

Na wewe rafiki yangu, ikiwa umo humu ukumbini, kiti cha kando yangu kwenye chakula nimekiwekea leso.